Mswada Uliozaliwa Jikoni kwa Ardis

Nyumba ya Ardis Tveit haina mlango hata mmoja ndani, ukiacha ule wa mbele na ule wa nyuma unaozuia theluji. Chumbani pazia, stoo pazia, chooni pazia. Mgeni akienda haja inabidi akohoe au aimbe, na watu wa pale Sorby, mashambani Montana, wamemcheka Ardis kwa hilo miaka na miaka. Milango yenyewe imo ghalani nyuma ya trekta bovu, imeegemezwa ukutani na bawaba zake. Ardis aliing'oa mwenyewe kwa bisibisi, wiki ile ile aliyomleta mdogo wake nyumbani.

Huyo mdogo wake ni Lowell. Alizaliwa na akili ya polepole, na daktari wa enzi zile akawaambia wazazi wampeleke kwenye jumba la serikali, wamsahau, wazae mwingine. Eti wazae mwingine, kama vile amekufa ndama. Wakampeleka ana miaka minane. Wazazi walipofariki Ardis alikwenda kumchukua, akakabidhiwa mwanamume mzima mwenye ndevu. Yaliyompata huko Lowell hakuyasimulia. Yalionekana mezani, maana alikula mkono mmoja umeizungushia sahani, na kipande cha mwisho cha mkate akakitia ndani ya shati. Na usiku wa kwanza Ardis alipomfungia mlango wa chumba ili asipigwe na baridi, Lowell alipiga ukelele ambao dada yake hapendi kuukumbuka hata leo.

Ardis alikuwa mpishi wa shule. Kifafa cha Lowell kilipozidi, ikawa hawezi kuachwa peke yake hata kwa muda wa kwenda posta. Jimbo lilikuwa na mpango wa kumlipa ndugu anayemtunza mtu wa namna hiyo nyumbani, basi Ardis akaziaga sufuria za shule na kazi yake ikawa Lowell. Malipo yalikuwa madogo lakini yalifika, na ndiyo yaliyolipia gesi ya kupashia nyumba joto, na dawa, na viazi. Bila hayo angelazimika kurudi kazini, na akirudi kazini Lowell angebaki na nani?

Bunge la jimbo hukutana kila baada ya miaka miwili, majira ya baridi, siku tisini. Watu wa Sorby husema lingekutana siku mbili kila baada ya miaka tisini ingekuwa nafuu. Hucheka wanaposema hivyo, ila msimu huo hakuna anayezima redio.

Ardis alikuwa anapakua supu ya njegere mtangazaji alipolitaja jina la Merle Skogen. Alitabasamu. Merle ndiye mbunge wao, lakini kwa Ardis alikuwa jirani kwanza, mkulima wa ngano wa ng'ambo ya reli, aliyewahi kulivuta gari lake kutoka mtaroni mara ngapi sijui, na kila vuli humletea soseji za paa aliyemwinda mwenyewe. Mtangazaji akaendelea. Merle amepeleka mswada. Ndugu anayeishi nyumba moja na mlemavu asilipwe tena, na fedha hizo zijenge vituo vya malezi ambako walemavu wazima watahamishiwa.

Mwiko ulimponyoka Ardis mkononi, supu ikamrukia kwenye soksi.

"Merle anakuja?" Lowell akauliza. "Na soseji?"

"Haji leo. Kula, mwanangu." Alipoogopa alimwita mwanangu, na Lowell alilijua hilo.

Alimpigia Merle simu, haikupokelewa. Alipiga tena kesho yake, ikawa vile vile, kwa maana mheshimiwa alikuwa mji mkuu, vikao havimpi nafasi. Ardis hakulala vizuri tena. Alikuwa akiinuka kwenda kusikiliza pazia la Lowell kama anapumua, na akirudi kitandani analiona lile jumba la serikali, korido zake ndefu na sabuni yake kali.

"Si uende ukaseme?" Inez, mama wa posta na rafiki yake wa tangu shule, alimwambia. "Kila mswada lazima usikilizwe hadharani na kila mtu ana ruhusa ya kusimama. Hata chizi anaruhusiwa. Ndiyo maana sheria zetu ziko vile."

"Mimi? Mbele ya watu? Kanisani tu kusoma tangazo la keki nilitetemeka mpaka mchungaji akaniletea kiti."

"Basi tetemeka kule kule mji mkuu. Wakuone."

"Na nimpinge Merle? Inez, yule kanibebea jeneza la mama."

Inez alimfungia sandwichi mbili za nyama ya kuokwa, moja ya njiani na moja ya Lowell kuficha.

Wakaondoka alfajiri, barabara ina barafu, Lowell amevaa kofia yake ya masikio. Hakukuwa na mtu wa kumwachia, na hata angekuwapo, Ardis hakuthubutu kumwacha nje ya macho yake. Alikuwa na wazo la kijinga kwamba akigeuka tu watamchukua. Njia nzima Lowell aliwahesabu ng'ombe waliosimama kwenye theluji, na Ardis aliyarudia maneno yake kimoyomoyo, na kila alipofika katikati yalimpotea.

Chumba cha kamati kilikuwa kidogo, kimejaa, na kina mlango mzito wa mbao. Ardis aliuona huo mlango kabla hajawaona wabunge.

"Unaweza kuacha wazi?" alimwuliza askari wa mlangoni.

"Kikao kikianza unafungwa, mama. Ndiyo utaratibu."

"Mdogo wangu hawezi kukaa chumba kilichofungwa. Hawezi kabisa."

Yule askari, mzee mwenye masharubu, akamtazama Lowell kwa huruma. "Mwache hapa koridoni kwenye benchi. Nitamtupia jicho. Au vipi, bwana mkubwa?"

Lowell akaketi, akapapasa shati lake kuhakikisha sandwichi imo. Ukutani mbele ya benchi ilitundikwa televisheni. Ardis aliiona, hakuifikiria. Aliingia, na mlango ukafungwa nyuma yake, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alishukuru kwamba walau Lowell hatayasikia yatakayosemwa.

Merle alisimama wa kwanza, kwa kuwa mswada ni wake. Alivaa suti ile ile ya mazishi. Hakumwona Ardis aliyejibanza nyuma. Alisoma karatasi yake kwa shida, kama anavyosoma kila kitu, kisha akaiweka chini na kuzungumza.

"Waheshimiwa, mimi si mtu wa takwimu. Nina jirani. Sitamtaja. Anamtunza mdogo wake peke yake. Vuli iliyopita nilikuwa jikoni kwake, akaniambia, 'Nimechoka naye, Merle. Siku nyingine natamani wangekuja kumchukua, nilale usiku mmoja tu.' Yule mama halalamiki, waheshimiwa. Simjui kwa kulalamika. Nikarudi nyumbani nikamwambia mke wangu, nisipofanya kitu kwa ajili ya huyu, ubunge wangu ni wa nini?"

Ardis aliikumbuka siku hiyo. Lowell alikuwa ameanguka kifafa mara mbili wiki ile, yeye hajalala, Merle amekaa na kikombe chake, na machozi yakamtoka kabla hajayazuia. Merle alizungusha kofia yake mikononi, akaaga. Ardis akadhani maneno yale yameishia pale pale jikoni. Kumbe yalipanda gari na Merle, yakaenda mji mkuu, na sasa yameandikwa kama sheria.

Walisema wanaounga mkono. Kisha mwenyekiti akawaita wanaopinga, na Ardis akajikuta amesimama. Merle alipogeuka akamwona, uso wake ulibadilika rangi.

"Naitwa Ardis Tveit. Natoka Sorby. Napinga." Baada ya hapo maneno aliyoyarudia barabara nzima yalimkimbia yote, hata moja halikubaki. Basi akaeleza habari za milango. Akaeleza bisibisi, na mapazia, na wageni wanaoimba chooni. Mtu mmoja akacheka, akakoma. "Mkimpeleka kwenye nyumba yenye milango atakufa," alisema. "Sijui kusema vizuri zaidi. Atakufa, na mtaniletea barua." Akashika meza.

Zikaja zamu za maswali. Mbunge mmoja mwanamke, mwenye skafu nyekundu, aliinamia kipaza sauti.

"Bi Tveit, jirani aliyetajwa na mheshimiwa Skogen ni wewe?"

Angeweza kusema hapana. Merle alikuwa akitazama viatu vyake, asingemsuta.

"Ni mimi."

"Na ulisema hayo? Kwamba umechoka naye, unatamani wakamchukue?"

"Nilisema."

"Sasa kamati imwamini Ardis yupi? Yule wa jikoni au huyu?"

"Wote ni mimi, mheshimiwa. Nilikuwa nimechoka. Sikuwa naomba sheria."

Mwenyekiti akashukuru, akaita mwingine. Ardis hakungoja mwisho. Alifungua ule mlango mzito kwa mikono miwili.

Lowell hakuwa ameketi. Alikuwa amesimama katikati ya korido, kofia mkononi, uso ameuelekeza ukutani, na pale ukutani kwenye televisheni alionekana yule mwanamke mwenye skafu nyekundu, anaongea, sauti inasikika koridoni kote.

"Ametulia mno," askari akasema kwa furaha. "Alipokuona tu kwenye televisheni hakubanduka. Amesikiliza mwanzo mwisho."

Ardis alitaka sakafu ya marumaru ipasuke. Hofu zote alizokuja nazo, za kituo, za fedha, za Merle, zilikuwa ndogo kando ya hii mpya.

"Uliongea, Dada," Lowell akasema. Hakusema lingine. Sandwichi alikuwa ameitoa shatini, ameishika nzima, hajaila wala hajaificha.

Merle aliwakuta kwenye ngazi za nje, hana koti. "Ardis. Nilidhani nakusaidia."

"Ungeniuliza, Merle."

"Nilidhani ulikuwa umeshaniambia."

Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomuuma Ardis. Angekuwa mbaya, Ardis angemtukana, akapumua. Huyu alimfungulia Lowell mlango wa gari, akamfunga mkanda, akasimama kwenye theluji anawatazama wanaondoka.

Wakangoja uamuzi wa kamati. Lowell hakuhesabu ng'ombe njiani kurudi, na nyumbani akawa mtu mwema kupita kiasi. Alikula bila kuizungushia sahani mkono, akaisafisha bila kuambiwa. Hakuomba hadithi. Akikohoa usiku, Ardis alisikia anakohoa ndani ya mto. Alipomwuliza una nini, alijibu sina kitu, na Ardis aliogopa kuuliza zaidi kwa kuwa jibu alilijua.

Habari zikaja kwa redio ile ile. Kamati imeuweka mswada kando, kwa tofauti ya kura moja. Mwenye skafu nyekundu amesema utarudi kikao kijacho ukiwa umenyooshwa. Inez alipiga simu akipiga vigelegele, Ardis naye akalia kwa nafuu, akatoka jikoni kumwita Lowell ampe habari.

Hakuwa chumbani. Hakuwa chooni. Mlango wa nyuma ulikuwa wazi, theluji inaingia.

"Lowell!"

Alimwona katikati ya uwanja, kati ya ghala na nyumba, bila glavu. Alikuwa akiburuta mlango. Ulikuwa ule wa chumba chake, wenye komeo la shaba. Ulikuwa mzito kwake, umechora mtaro mrefu kwenye theluji, na yeye anauvuta kinyumenyume, anahema, anatetemeka mwili mzima, si kwa baridi peke yake. Kila ulipomgusa tumboni alifumba macho.

"Unafanya nini? Lowell, unafanya nini?"

"Naurudisha." Meno yake yaligongana. "Utafunga. Hutanisikia. Utalala."

"Mungu wangu."

"Mimi sitapiga kelele. Nimejifunza, Dada. Nitakaa kimya." Akafikiri kidogo. "Halafu hutachoka, halafu hawaji."

Ardis alikaa chini kwenye theluji, pale pale, na sketi yake ya nyumbani. Njia yote kutoka mji mkuu alikuwa ametunga uongo wa kumwambia, kwamba hakuchoka, hajawahi kuchoka, yule mama kwenye televisheni alikosea. Sasa ule uongo haukutoka.

"Nimechoka, Lowell," alisema. "Nimechoka sana. Na hufungwi."

Lowell aliuachia mlango, ukaanguka kwenye theluji bila kishindo. Alimkazia macho kama mtu anayekagua mzigo kabla ya kuupokea.

"Kesho utachoka?"

"Kesho pia nitachoka."

"Na kesho sifungwi?"

"Kesho pia hufungwi."

"Na wale watu?"

Miaka miwili hupita upesi, na hilo hakumwambia. Aliinuka, akampulizia vidole, akamvalisha glavu zake mwenyewe. Wakaushika mlango huku na huku na kuurudisha ghalani, Ardis mbele, Lowell nyuma. Walipouegemeza ukutani na wenzake, Lowell aliugeuza, komeo likatazama ukuta. Kisha wakaingia ndani kula, na mkono wa Lowell ulikuwa tena umeizungushia sahani.