Wali Unaodunda

Pale Kariakoo, mwenye kutaka kujua siri za dunia alikwenda barazani kwa mzee Azzan, mbele ya duka la udi ambalo siku hizi analiendesha mwanawe, Samir. Umeme ukikatika, mzee anajua nani kaukata na kwa nini. "Ni wao," husema, na sauti anaishusha. Wao akina nani? Hapo hutabasamu tu, na watu wakazidi kusogeza viti. Tangu Samir ashike duka, hakuna aliyemuuliza mzee hata bei ya udi. Sasa anaulizwa mambo ya dunia nzima. Raha iliyoje!

Juzi akatumiwa video: tonge la wali linadunda sakafuni kama mpira. Mchele wa plastiki! Akaisambaza kwenye kila kundi la WhatsApp alilomo, huku mkono wa pili ukila wali maharage wa Mama Gaudens, jirani yake muuza mchele, Mchaga mwenye roho safi anayemletea sahani kila mchana tangu afiwe na mkewe.

Wiki haikuisha, wateja wakawa wanalipita duka la Mama Gaudens kama hawalioni.

Akaja na sahani kama kawaida. "Shikamoo mzee."

"Marahaba, mama."

Mama Gaudens akafinyanga tonge kwenye sahani hiyohiyo, akalitupa mezani. Likadunda.

"Wali wowote ukiukandamiza unadunda, mzee. Umeula miaka yote hii, mbona hujawa ndoo?"

Baraza zima likaangua kicheko.

"Mama, mimi sikukusema wewe. Nilisema wao."

"Wao ndio mimi, mzee. Duka ninalo hilo moja tu, na watu hawaingii."

Mzee aliona aibu, hata kula akashindwa. Jioni akaandika kwenye makundi yote: ile video ni uongo, nimekosea, mchele wa Mama Gaudens naula mwenyewe. Mmoja tu ndiye aliyejibu: "Mzee, na wewe wameshakununua?"

Wateja wakaanza kurudi mmoja mmoja dukani kwa Mama Gaudens. Barazani hakurudi mtu. Mzee akabaki na simu yake na viti vitupu, mpaka mchana Mama Gaudens alipokuja na sahani, akavuta kiti, akakaa.

"Haya mzee, nifundishe. Udi mzuri unajulikanaje?"

Mzee Azzan akaizima simu. "Kaa vizuri, mama," akasema. "Hili somo refu."