Sweta la Sanduku la Redio

Merle Tregenza hakuamini joto ambalo hakulipima mwenyewe. Karakana yetu ya redio pale Broken Hill, mji wa jangwani ambako Januari ndiyo joto na Julai ndiyo baridi, ilikuwa na watu wawili tu, yeye na mimi. Kwa miaka kumi na tisa alininywesha chai kali na kunirudishia hesabu zangu zimejaa penseli nyekundu. Nilikuwa nakasirika kweli. Leo ningetoa chochote nirudishiwe moja.

Ndani ya transista kubwa, kile kipande kinachodhibiti umeme, kuna kiini kidogo kinachobeba mzigo wote, na huwezi kupenyeza kipimajoto humo. Unapima ganda, unaongeza joto linalozaliwa ndani, unakadiria. Kiwanda kilisema kiini kinakufa kwenye nyuzi mia moja na hamsini. Merle hakukubali kuvuka mia na kumi.

"Hao wa kiwandani hawajaiona Januari yetu," alikuwa akisema.

Julai ya 1983, Merle akiwa likizo, nilifunga sanduku la umeme wa redio katika banda la bati kwenye shamba la kondoo la Ossie Noske na mkewe, Bev. Bev alikuwa na pumu mbaya, na daktari alipatikana kwa redio tu. Ikizimika katikati ya maelekezo, basi tena. Nilihesabu kiini kitafika themanini na tano, nikatia sahihi kwa madaha.

Januari Merle akalifungua jalada la kazi ile.

"Des, umeweka hewa ya nyuzi ngapi?"

"Ishirini na tano. Ndivyo kitabu kinavyosema."

"Na hicho kitabu kinalala kwenye banda gani?"

"Bibi wee, usinianze asubuhi yote hii."

"Chukua kofia yako. Twende."

Chini ya bati la banda la Ossie tulikuta nyuzi hamsini na nane. Na sanduku lilikuwa limevaa sweta. Bev alilifumia kwa sufu ya kondoo wao, lina hadi vifungo, ili vumbi jekundu lisiingie. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, maana Julai aliniomba ruhusa nami nikamwambia afume tu. Siku ile baridi ilikuwa kali, hata mimi nililitamani.

Merle akamwambia Ossie aongee redioni kwa muda, akagusisha kipimajoto kwenye ganda. Mia na kumi na nane. Ongeza thelathini za ndani: mia na arobaini na nane. Merle akafungua vifungo kimoja kimoja, akalivua sweta.

"Bev mpenzi, umefuma vizuri mno," alisema. "Livishe birika la chai."

Tukalihamishia sanduku ukuta wa kusini wa jikoni, chini ya tangi la maji, kwenye kivuli na upepo.

Februari, saa sita mchana, pumu ikambana Bev. Tulisikia yote karakanani: Ossie sauti inatetemeka, daktari akimwelekeza dawa moja baada ya nyingine. Nje kulikuwa na nyuzi arobaini na nne. Merle alichukua penseli, kila dakika tano anaandika makadirio ya kiini. Themanini na nane. Tisini na sita. Mia na moja. Mia na nne. Halafu mia na nne tena, na tena. Mimi nilikuwa nawaza lile banda, na kile nilichokitilia sahihi.

Dakika ya arobaini ikaja sauti nyembamba, inakwaruza.

"Merle, upo? Birika limevaa."

Merle alifunika uso akalia. Nami nililia, sioni haya kusema.

Tulimzika Merle baridi iliyopita. Karatasi ile ya penseli ninayo kwenye droo. Bev, sasa ana miaka themanini na mmoja, alikuja msibani amepakata birika lenye sweta lililofifia rangi. Alinimiminia chai, akaketi karibu yangu. Nilikaa tu pale namsikiliza anavyopumua.