Mwenyekiti Aliyekuja Kupima Kanzu

Mama Pindo hakuzaliwa na jina hilo. Alipewa na wazazi wa mtaa mzima, kwa sababu ya tabia yake ya kuacha pindo la vidole vinne kwenye kila sare ya shule aliyoshona. Ukimpelekea mtoto wa darasa la kwanza, ulirudi nyumbani na sketi ya kumfikisha darasa la nne. "Mtoto anakua, kitambaa hakikui," alikuwa akisema huku pini zimejaa mdomoni. Mzazi asiyetaka pindo alishauriwa kwa upole atafute fundi mwingine, na ikiwezekana mtoto mwingine.

Chumba chake cha kazi kilipakana na shule ya parokia. Ukuta ulikuwa mmoja: upande huu cherehani, upande ule darasa la tatu. Yeye mwenyewe aliachia shule darasa la nne, lakini kupitia ukuta ule alikuwa amesoma darasa la tatu mara ishirini na nne, na hapakuwa na aliyelijua kuliko yeye. Watoto wakikwama kwenye saba mara nane, cherehani ilinyamaza. Wakizidi kukwama, sauti ilipenya: "Hamsini na sita, jamani! Wengine tuna kazi huku!"

Mume wake alikuwa fundi bomba mstaafu, mtu wa maneno machache. Mwenyewe alidai kwamba fungu lake la maneno alilimaliza siku ya kuposa, na tangu hapo hajapata nafasi ya kutafuta mengine.

Jumapili moja paroko alisoma barua kutoka ofisi ya jimbo. Masista walioiendesha shule tangu ijengwe walikuwa wamezeeka, wameitwa warudi kwenye nyumba yao kuu, na hapakuwa na wa kuwarithi. Wanafunzi walibaki themanini na saba. Jimbo liliona afadhali shule ifungwe na watoto wahamie shule kubwa ya upande wa pili wa mji. Ila kama waumini wenyewe wangeunda kamati, wakaiendesha, na ndani ya mwaka mmoja wakafikisha wanafunzi mia moja na thelathini, basi jimbo lingefikiria upya. "Tutakuwa na kikao baada ya misa," paroko alimalizia, kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba.

Mama Pindo alikwenda kwenye kikao kile kwa jambo moja tu: kanzu mpya ya paroko. Alishaikata, lakini hakuwa na uhakika na urefu wa mikono, na paroko alikuwa mgumu kukamatika kuliko kuku wa jirani. Akaingia ukumbini na tepu shingoni, akakaa karibu na mlango, akangoja. Watu wakazungumza weee. Kila mmoja alisikitika, kila mmoja alimkumbuka sista aliyewahi kumfinya sikio, na kila mmoja alikuwa na sababu nzuri ya kutoweza kuongoza.

"Kwa hiyo," akauliza paroko, "nani yuko tayari kuwa mwenyekiti?"

Kila mtu akaanza kutafuta kitu chini ya kiti chake. Mama Pindo alipoona kikao kinaelekea kufungwa, na paroko anautazama mlango wa nyuma, akanyoosha mkono upesi.

Makofi yalivuma kiasi cha kuwatimua njiwa darini.

"Hapana, hapana! Mimi nilitaka kuuliza habari za mikono!"

"Mkono tumeuona, mama," akasema nesi mstaafu, ambaye alikuwa katibu wa kila kitu pale parokiani. "Nimeshaandika."

"Kwa penseli?"

"Kwa kalamu."

Paroko alicheka mpaka akashindwa kukimbia, akapimwa mikono yote miwili palepale. Mama Pindo aliporudi nyumbani na kueleza yaliyomkuta, mumewe alitafuna polepole, akameza, akasema, "Watakoma."

Kamati ilikuwa ya watu wanne: yeye, nesi mstaafu, mwoka mikate wa pale kona, na mwalimu mkuu, dada mpole mwenye miwani ambaye masista walimwachia funguo na machozi. Walikutana darasani, kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa videvu. Nesi alitaka waanze kwa kuandika orodha ya wenye uwezo. Mama Pindo akakataa.

"Tukiwauliza watu wana nini, watajificha," alisema. "Tuwaulize wanajua nini. Hapo kila mtu atajisifu."

Na kweli walijisifu. Mwoka mikate alisema mikate yake ya asubuhi haina mpinzani, akaambiwa basi ailete shuleni saa nne watoto waamue. Fundi gereji wa ng'ambo ya barabara hakuwa Mkatoliki, na kanisani aliingia kwa arusi tu, tena kwa ajili ya chakula. Lakini alipoona madawati yanavyoyumba alichukia kiufundi, akaja na mashine ya kuchomelea. Mume wa Mama Pindo alizibua vyoo vyote kwa siku mbili bila kusema neno, na walimu wakasema hawajawahi kuhudumiwa na mtu mwenye adabu kama ile.

Wanafunzi aliwatafuta mwenyekiti mwenyewe, mlango kwa mlango, tepu mkononi.

"Hodi! Yuko wapi yule wa miaka sita?"

Kabla mama wa mtoto hajauliza kuna nini, mtoto alikuwa amesimamishwa wima, tepu kiunoni.

"Lakini Mama Pindo, bado hatujaamua shule."

"Amueni taratibu, mwanangu, wala msiharakishe. Mimi nishakata kitambaa."

Nani angemtazama usoni mwanamke aliyeshakata kitambaa cha mwanawe? Kufikia katikati ya mwaka watoto walikuwa mia moja kumi na tisa, na Mama Pindo alianza kutembea kama mtu mwenye shule.

Hapo ndipo alipoteleza. Asubuhi moja alisikia ukutani kwamba mwalimu mpya wa darasa la tatu anafundisha kugawanya kwa njia asiyoijua. Akavumilia hesabu ya kwanza. Akavumilia ya pili. Ya tatu akavua kastabini, kile kikofia cha chuma cha kidoleni, akazunguka, akaingia darasani na kuichukua chaki mkononi mwa mwalimu. Watoto walifurahi kupita kiasi. Mwalimu alitoka nje, akasimama kwenye bomba la maji, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu.

Saa nane mwalimu mkuu alikuja kwenye chumba cha cherehani. Akatua funguo za shule juu ya kitambaa.

"Chukua, mama."

"Za nini tena, mwalimu?"

"Za ofisi. Masista waliniachia shule yenye mlango mmoja wa mbele. Siku hizi ina mlango mwingine kwenye ukuta wa darasa la tatu, na huo sina ufunguo wake."

"Si shule yetu sote, mwalimu?"

"Ni yetu sote. Kamati iamue paa, vyoo, nani aajiriwe na nani aondoke. Mkiniona sifai, niambieni nitafungasha. Lakini darasani niachieni mimi na wenzangu. Mbona mimi siji hapa kukushikia mkasi?"

Mama Pindo akazitazama zile funguo, akazirudisha mkononi mwa yule dada na kumfumba vidole.

Siku hiyohiyo yeye na mumewe waliisukuma cherehani mpaka ukuta wa upande wa pili, unaopakana na stoo ya mahindi, ambako hapakuwa na chochote cha kusahihisha. Kesho yake alikwenda kumwomba radhi mwalimu wa darasa la tatu mbele ya watoto. Msichana mmoja wa dawati la mbele akanyoosha kidole na kuuliza kama mwenyekiti naye atapiga magoti. Mwalimu, kwa hekima, akasema muda wa somo umekwisha.

Mvua zilipokaribia, jambo la paa likawa zito. Madarasa mawili yalikuwa na mabati yenye matundu kama chujio la chai. Ndipo akajitokeza Bwana Matairi, mwenye duka kubwa la matairi kuliko yote mtaani. Alifika kwenye kikao na mchoro mkubwa aliouviringisha, akautandaza mezani. Jengo jipya, paa jipya, rangi, geti. Atalipa yote. Alikuwa na mambo mawili tu: jina lake liandikwe juu ya geti, na mpwa wake, aliyerudi juzi na vyeti, awe mwalimu mkuu.

Macho ya paroko yaling'aa. Watu walianza kupiga makofi. Mama Pindo mwenyewe aliuona usingizi wake, ule alioupoteza kwa sababu ya mabati, ukimwita kwa mbali. Kisha akamtazama mwalimu mkuu, aliyekuwa ameinamia mikono yake mwenyewe, akasimama.

"Ndugu yangu, asante sana. Jina tutaliandika, hata kwenye kila bati ukitaka. Lakini mwalimu mkuu tunaye."

"Mama, anayetoa ndiye anayesema. Ndivyo dunia ilivyo."

"Cha kuazima hakisitiri maungo, ndugu yangu. Leo utatuchagulia mwalimu, kesho utatuchagulia mtoto wa kukaa mbele. Kama ni hivyo, heri tungeacha jimbo litufungie, tukajua moja."

Wakapiga kura. Mwalimu mkuu alibaki, kwa tofauti ya kura tatu tu. Bwana Matairi aliuviringisha mchoro wake na kuondoka bila kuaga. Nusu ya watu walimnunia mwenyekiti, na mama mmoja alikuja kuchukua gauni lake likiwa na mkono mmoja, akasema atavaa hivyohivyo.

Mvua haikungoja hasira ziishe. Darasa la pili likahamia kanisani, likasomea kwenye viti vya nyuma, na kwa majuma mawili watu waliungama dhambi zao huku nyuma wanaitikia ba, be, bi, bo, bu. Katikati ya kadhia hiyo ikaja taarifa: katibu wa elimu wa jimbo atakagua shule Jumatatu inayofuata.

Mama Pindo akazunguka tena mtaani, safari hii bila tepu. Alikuwa akitafuta mabati. Mwoka mikate alibomoa banda la kuni. Nesi alitoa paa la banda la kuku, kuku wakahamia jikoni. Jumamosi asubuhi watu walikuwa juu ya paa na chini ya paa, hata baadhi ya wale walionuna, na yule mwenye gauni la mkono mmoja alikuwa akipokeza misumari. Mabati yalikuwa ya bluu, mekundu, ya kijani na ya kutu, na bado hayakutosha.

Saa tatu gari la Bwana Matairi likasimama getini. Akashuka, amevaa nguo za kazi, uso umekunjamana.

"Mama yangu amesema nije nishike ngazi," akasema.

Mama Pindo akachungulia. Kwenye kiti cha mbele alikaa bibi kizee wa benchi la kwanza kanisani, aliyejifunzia kusoma katika shule ile ile. Nyuma ya gari kulikuwa na mabati mapya.

"Na haya?"

"Amesema niyalete pia. Na nisiseme neno lolote."

"Basi tayari umeshavunja," bibi akadakia kutoka dirishani. "Panda!"

Akapanda. Kufikia mchana alikuwa akipiga misumari kwa bidii na kubishana na fundi gereji juu ya nani amepindisha bati.

Katibu wa elimu alikuwa padre mwembamba mwenye faili nene. Alihesabu watoto: mia moja thelathini na wanne. Akatazama juu, kwenye lile paa la rangi tano, akatazama kwa muda, akaandika kitu. Kisha akamgeukia mwenyekiti.

"Mama, mnafundishaje kusoma kwa wanaoanza?"

Jibu lilimjia Mama Pindo mpaka kwenye meno. Akalimeza.

"Hilo muulize mwalimu mkuu, Baba. Mimi ni wa paa na vyoo."

Padre akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu afike.

Barua ilisomwa kanisani mwezi uliofuata. Shule ibaki. Kamati ya parokia iajiri walimu na kusimamia majengo. Jimbo litaangalia mitihani na mafundisho ya dini. Mama Pindo alilia mbele za watu, akasingizia kwamba amejichoma na pini, ingawa siku hiyo hakuwa na pini hata moja.

Aliongoza miaka sita, kisha akamwachia mwoka mikate, ambaye mpaka leo hufungua vikao kwa kugawa mikate ili watu wasiseme sana. Yeye alibaki na cherehani yake na mjukuu wa kike anayesoma darasa la pili pale pale.

Juzi aliitwa shuleni. Alidhani wanataka ushauri, akavaa gauni la Jumapili. Mwalimu mkuu alimkalisha kwenye kiti kidogo cha wazazi na kumwekea mbele kitambaa cha kazi ya mikono cha mjukuu wake, kimetariziwa ua lenye majani saba, nyuzi zimenyooka kama zimepigiwa rula.

"Mama," akasema, akivua miwani, "mtoto wa miaka minane ndiye aliyeshona hiki?"

Mama Pindo akakitazama sana.

"Jani la chini," akasema hatimaye, "ni lake."