Quercetin aliyoleta shemeji, na mama aliyeona haya kumkatalia mkwe

Wakuu, nawasalimu kutoka Kibuli, Kampala.

Haya si ya "rafiki yangu mmoja". Yametokea sebuleni kwetu, na damu iliyotoka ni ya mama yangu mzazi, kwa hiyo sina sababu ya kutia chumvi.

Najua humu kuna wapenzi wa supplement. Tulieni, sijaja kuwatukana.

Mama ni Mnubi wa hapa hapa, mjane, kazi yake kusuka makawa ya kufunikia chakula. Aliwahi kupata bonge la damu mguuni, na tangu hapo anameza warfarin, dawa ya kuzuia damu isigande. Dawa hiyo haitaki mchezo. Ikipungua damu inaganda, ikizidi inavuja, ndiyo maana anapimwa kliniki mara kwa mara.

Shemeji yangu Barasa ni Mkenya, anauza spea za magari Nakawa, hapa hapa Kampala. Alisilimu akamuoa dada yangu, na kusema kweli hatuna malalamiko naye. Tatizo lake ni moja tu: kitu kikimfaa yeye, lazima kiifae na dunia.

Vumbi la Nakawa lilikuwa linampiga chafya mpaka wateja wanasogea pembeni. Akaanza kumeza quercetin, akasema chafya zimepungua. Sibishani naye, pua ni yake.

Kwa asiyejua, quercetin ni flavonoid, yaani moja ya kemikali za asili zilizomo kwenye mimea. Ipo kwenye vitunguu vyekundu, matofaa, majani ya chai. Watu huimeza kwa ajili ya aleji, presha, viungo kuuma. Utafiti upo, lakini maneno ya kwenye chupa yameutangulia mbali. Na kidonge kimoja kinaweza kubeba kiasi kikubwa kuliko unachopata kwenye chakula cha siku nzima.

Basi shemeji akamletea mama chupa nzima, kwa ajili ya magoti.

Hapa lazima muielewe nyumba yetu. Kwa mama, alicholeta mkwe hakikataliwi wala hakihojiwi. Kuna siku shemeji alileta samaki wa pilipili, mama akamla huku machozi yanamtoka, kisha akashukuru.

Kwa hiyo chupa ilipokewa kwa mikono miwili. Kila shemeji alipopita kusalimia aliuliza kama mama anameza, na mama hawezi kumdanganya mkwe. Akawa anameza.

Mimi sikujua. Nina kiduka cha photocopy karibu na chuo, Kyambogo, natoka asubuhi narudi jioni.

Jumapili moja nimekaa naye anasuka, sindano ikamchoma kidole. Si jambo geni, vidole vyake vimezoea tangu usichana. Safari hii damu haikukata. Tulifunga kitambaa, kikalowa. Kawa alilokuwa anasuka likaingia doa. Nikampandisha mkono wa gauni, nikakuta mavilio kama mtu aliyepigwa.

Niliogopa, wakuu.

Nikamuuliza anameza nini kingine. Akajifanya anatafuta sindano yake. Nilipouliza tena, akanionyesha kwa kidevu kabati la vyombo vya wageni. Chupa ilikuwa nyuma ya birika.

"Mama, mbona kliniki hukusema?"

"Daktari aliuliza dawa," akanijibu. "Hii si dawa. Hii zawadi ya mkwe."

Tukapanda boda mpaka hospitali. Kipimo kikaonyesha damu imekuwa nyepesi kupita kiasi. Daktari akasema hawezi kuapa kwamba ni quercetin peke yake, ila inaweza kuiongezea warfarin nguvu, na hakuona kitu kingine kilichobadilika. Akasimamisha warfarin kwa muda, akampangia siku ya kupimwa tena, na akasema ile chupa asiiguse.

Mama alikubali yote isipokuwa hilo la mwisho.

"Akiuliza nitamwambia nini? Kwamba alinipa sumu? Na dada yako atakaa na yeye namna gani?"

Nilitaka kuitupa chooni. Kisha nikajiambia, nikiitupa hii, shemeji ataleta nyingine, na mama ataipokea. Aliyeileta ndiye wa kuitoa.

Nikaenda Nakawa. Shemeji alianza kubisha, eti ni natural, ni kama kitunguu tu. Nikamwambia mama hajawahi kula gunia la vitunguu. Nilipomweleza habari ya kidole, akakaa chini juu ya tairi, akauliza kama amemuua mama. Nikamwambia bado, lakini wewe tu ndiye unayeweza kumwachisha vidonge hivyo.

Jioni hiyo alikuja. Hakuomba msamaha, maana mama angeona haya kuliko yeye. Akasalimia, akaketi, akasema, "Mama, nimekuja kuomba. Dawa zangu zimeisha na chafya zimerudi. Naomba zile nilikuletea."

Mama aliinuka haraka kuliko magoti yake yanavyoruhusu. Akaileta chupa kwa mikono miwili.

"Chukua yote, mwanangu. Wewe ndiyo unahitaji."

Sijawahi kumpenda shemeji kama siku ile.

Mama yuko vizuri sasa, vipimo vimerudi mahali pake, anasuka. Shemeji anaendelea na quercetin yake, na sina neno, yeye hamezi dawa nyingine. Ninachosema kwa uhakika ni hiki: kitu chenye nguvu ya kutibu kina nguvu ya kugongana na dawa, hata kama kimetoka kwenye tofaa. Mwenye dawa ya damu, presha au chochote cha kila siku, aulize kwanza.

Juzi tulirudi kliniki. Daktari akamuuliza mama anatumia dawa gani.

"Dawa ni moja," mama akasema. "Sasa uliza na zawadi."

Na ninyi wakuu, wazee wenu wanameza zawadi gani huko? Waulizeni leo, halafu mje mtuambie hapa.