Mtoto Aliyepumua kwa Kulia

Mwanangu, kaa hapa, vyombo vitangoja. Nakumbuka siku ile tulipompa jina shemeji yako Idi, nyumba hii hii ya Gisenyi imejaa wageni hadi mlangoni. Idi ndiye uzazi wangu wa kwanza. Mimi nimekalishwa kitandani, na mama mkwe wangu, Mungu amrehemu, ndiye anayeamuru kila kitu.

Idi alikuwa mtoto wa kulia. Akilia, anakuwa mwekundu, mzima kabisa. Akinyamaza au akishika titi, midomo inageuka bluu, anahangaika, anaachia, analia tena. Niliyaona hayo tangu alipozaliwa. Niliyaona, wallahi, nikafunga mdomo. Ningemwambia nini mwanamke aliyelea watoto tisa?

Siku hiyo kilio kikamwaibisha mama mkwe mbele za watu.

"We, munyonyeshe mutoto anyamaze!"

"Mama, akinyamaza anabadilika rangi," nikanong'ona.

"Mi nimezaa tisa, we umezaa moja. Bon, mupe titi."

Nikampa. Nikamkandamiza kifuani asiachie. Wageni wakasema, eeh, sasa ametulia. Kumbe amelegea mikononi mwangu.

Tulikimbia naye hospitali kwa pikipiki. Daktari akajaribu kupitisha mpira mwembamba puani. Kulia ukagota, kushoto ukagota. Pua ilikuwa imezibwa na mfupa kule nyuma tangu tumboni, na kichanga hupumua kwa pua, mdomo anaufungua akilia tu. Wakamwekea kifaa cha kupitisha hewa mdomoni, tukapelekwa Kigali kwa upasuaji. Waliutoboa ule mfupa kupitia puani, wakaacha vimipira viwili ndani ili njia isijifunge tena. Kazi yao waliifanya vizuri.

"Nani aliona kwanza akigeuka bluu?" daktari aliuliza.

"Mimi."

Idi unamwona mwenyewe hapo kwenye mkeka. Anapumua vizuri kuliko mimi. Lakini siku ile ubongo ulikosa hewa, na mpaka leo hajawahi kuniita mama. Naumia, mwanangu, sitakudanganya.

Sasa wewe unakaribia kujifungua, na mama mkwe humu ndani ni mimi, na mdomo wangu unaujua. Ukiona kitu kwa mtoto wako, sema. Nikikukemea, sema kwa sauti zaidi. Nikikaa mlangoni, nisukume upite, umpeleke hospitali. Samahani utaniomba mukirudi. Mungu akujalie mtoto mwenye pumzi, na akupe ujasiri wa kunibishia.