Siku Niliyompigia Baba Yangu Filimbi

Ipo Ijumaa moja ambayo hunijia akilini kila ninapomwona kijana akishika filimbi kwa mara ya kwanza, na leo nimekuona wewe, mwanangu, ukiijaribu nyuma ya stoo ya michezo ukidhani hakuna anayekusikia. Kaa kidogo nikusimulie. Najua utatabasamu nikikuita mwanangu, maana sina mvi hata moja na huenda nimekuzidi miaka michache tu. Lakini kwetu Gusii neno hilo halipimwi kwa umri, na ni kwa sababu hiyo hiyo nilitahayari mbele ya shule nyingi kuliko ninazotaka kuzitaja.

Nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikifundisha katika shule moja ya upande wa Ikonge. Niliamini, na bado naamini, kwamba nchi haiwezi kupata mahakimu waadilifu ikiwa watoto wake wamezoea kumwona refa akiiba pointi uwanjani. Niliwaeleza walimu wenzangu jambo hilo wakati wa chai. Walinisikiliza kwa upole mwingi, na nilipomaliza kusema, mandazi yalikuwa yamekwisha. Ndipo nikaamua kwamba kusema hakutoshi. Nikajiandikisha kwenye kozi ya waamuzi wa mieleka ya shule za upili.

Kozi ilifanyika mjini Kisii chini ya Mwalimu Ombati, mstaafu aliyeanza kuamua mieleka wakati wavulana walipokuwa wakibwagana kwenye nyasi. Sikio lake la kushoto lilikuwa limechoka, lakini macho yake yalikuwa macho kwelikweli. Alitufundisha kwamba mwamuzi huvaa kitambaa chekundu mkono mmoja na cha bluu mkono wa pili, zile rangi za wapinzani wawili, na huinua mkono wenye rangi ya aliyepata pointi. Hukagua kucha kabla ya pambano. Humwonya anayekwepa kushikwa. Na kubwa kuliko yote: mabega yote mawili ya mtu yakibanwa kwenye mkeka, hata kwa muda wa pumzi moja, pambano limekwisha, hata kama alikuwa akiongoza kwa pointi. Lakini mabega hayo lazima yaonwe. Kuna mwamuzi mkekani, hakimu pembeni na mwenyekiti mezani, na wawili kati ya hao watatu wasiposema wameona, basi kwa mujibu wa sheria hakuna kilichotokea, hata uwanja mzima upige kelele.

Sheria hizo nilizisoma kama mtu anayejiandaa kwa ubatizo. Kwa kuwa sikuwa na mwenzangu wa kufanya naye mazoezi, nilichukua mkungu wa ndizi, nikaulaza sakafuni, nikawa nautambalia huku na huku nikitafuta mahali ambapo mabega yake yangekuwa, kisha nikapiga sakafu kwa kiganja. Jirani yangu, mama mmoja mchumaji chai, alichungulia mlangoni akanikuta nimelala kifudifudi nikiuambia ule mkungu kwamba umeshindwa. Akaurudishia mlango taratibu. Jumamosi iliyofuata, ambayo kwetu Waadventista ndiyo siku ya ibada, nikasikia kwamba kanisani watu waliombwa kuwakumbuka vijana wanaoishi peke yao.

Sasa nivumilie nikueleze habari za nyumbani, maana bila hizo hutaelewa lililonipata. Kanisa lilipomfikia babu yangu kule Suneka, alikuwa tayari na wake watatu, na bibi yangu, aliye mke mkubwa, hupenda kusema kwamba wainjilisti wangechelewa kidogo wangewakuta wanne. Yule mke wa tatu alijifungua kitindamimba wake wakati mimi tayari naenda shule. Mtoto huyo ni Onchiri. Yeye ni ndugu wa baba yangu, kwa hiyo ni baba yangu. Mama alinifundisha kumwita Tata, yaani baba, alipokuwa bado anatambaa, na alipoanza kusema, kitu cha kwanza alichoniamuru ni kumletea maji. Nikamletea.

Na kati ya baba na mwana, mwanangu, kuna ile tunayoiita ensoni, heshima yenye haya ndani yake. Babu unaweza kumtania upendavyo, naye akakujibu kwa mzaha mbaya kuliko wako. Baba, la. Hamzungumzi mambo ya mwili, na humtazami akiwa hajavaa nguo zake sawasawa. Ukimkuta mtoni anaoga, unageuza uso na kurudi ulikotoka. Hakuna anayekufundisha hayo kwa maneno. Shingo hujifunza yenyewe kugeuka.

Ijumaa ile shule za Kisii na Nyamira zilikutana ili kuchagua timu itakayoendelea mbele. Ilikuwa lazima tumalize kabla ya jua kuzama, kwa sababu nusu ya wachezaji na zaidi ya nusu ya walimu ni Waadventista, na Sabato haisubiri mtu ang'oke mkekani. Pambano la mwisho lilikuwa la uzito wa kati. Upande wa bluu, Kebaso, kijana wa kidato cha tatu kutoka Nyaramba, mwembamba lakini mgumu kushikika. Upande wa nyekundu, baba yangu.

Onchiri alikuwa kidato cha nne. Hakuwa na mwaka mwingine wa kujaribu. Kwa muda mrefu alikuwa akiamka mapema kukimbia mpaka sokoni Suneka na kurudi kabla ya wengine kukoga, na mama yake alikuwa ameshaanza kuwauliza watu nguo za kusafiria zinauzwa wapi kwa bei nafuu. Nafasi ilikuwa moja tu.

Kwa kuwa sheria inamtaka mwamuzi aseme ikiwa ana undugu na mchezaji, nilikwenda mezani nikamwambia Mwalimu Ombati, aliyekuwa mwenyekiti siku hiyo, kwamba yule wa nyekundu ni baba yangu. Mzee alimtazama Onchiri, ambaye ndevu zake ungeweza kuzihesabu, akanitazama mimi, akatikisa kichwa. Yeye ni Mgusii, hakuhitaji maelezo. Alinieleza kwamba mwamuzi wa pili ndiye aliyewafundisha wale wavulana wa Nyaramba, na wa tatu alikuwa ameondoka mapema kwa ajili ya kwaya. Akauliza iwapo nitaweza kutenda haki. Nikamjibu kwa hotuba fupi kuhusu uadilifu. Akaniambia yatosha, jua linakwenda.

Mambo yaliharibika tangu kwenye kucha. Kijana wa Nyaramba alinyoosha mikono, nikaikagua. Baba yangu alinyoosha yake, nami, bila kufikiri, nikaipokea kwa mikono miwili huku nimeinama kidogo, kama mtu anayemsalimu mkubwa wake nyumbani. Vijana wa Suneka, waliotujua vizuri, walianza kuchekea ndani ya majaketi yao. Mmoja akauliza kwa sauti kama refa ataomba na baraka kabisa.

Kisha Onchiri akavua suruali na jaketi la mazoezi. Umeyaona mavazi ya mieleka, mwanangu. Ni kipande kimoja kinachoanzia mabegani na kuishia mapajani, nacho kinabana kiasi kwamba hakiachi jambo lolote kwa mtu kukisia. Nikapuliza filimbi huku nikiangalia milima.

Walipokuwa wamesimama nilimudu. Kebaso alimsukuma baba yangu nje ya duara, nikainua mkono wa bluu, pointi moja. Onchiri akamzunguka, akamshika kiunoni kwa nyuma, akamwangusha, nikainua mkono mwekundu, pointi mbili. Nilianza kuamini kwamba chuo kilikuwa kimeushinda ukoo. Ndipo Onchiri akamkunja Kebaso shingo na mguu pamoja, akampindua, na yule kijana akaenda chini chali, akipigapiga miguu hewani. Sheria inasema hapo mwamuzi ashuke, kifua karibu na mkeka, atazame mwanya kati ya mabega na sakafu. Nikashuka kama nilivyokuwa nikishuka mbele ya mkungu wangu wa ndizi.

Tatizo ni kwamba mkungu wa ndizi hauna upande wa nyuma. Nilipoinua macho, mbele ya pua yangu hasa, ndani ya kitambaa chekundu kinachobana, palikuwa na yale ambayo mwana hapaswi kuyaona ya baba yake. Shingo yangu ikageuka. Sikuiamuru. Nilijikuta nikitazama mashamba ya chai kwa makini sana, na wakati ninayatazama, uwanja mzima ukalipuka ukisema mabega, mabega. Niliporudisha uso, Kebaso alikuwa amejikwamua na anatambaa.

Nikasimamisha pambano. Nilimtazama hakimu wa pembeni, Madam Kwamboka. Uso wake uliniambia kila kitu: wakati huo alikuwa akiangalia jua lilipofika. Nikaenda mezani, ambako Mwalimu Ombati alinieleza, bila furaha, kwamba yeye hakuona mabega kwa sababu nilikuwa nimemkinga kwa makalio yangu. Kwa hiyo nilibaki mimi. Aliniuliza niliona nini.

Hapo, mwanangu, ningeweza kusema niliona. Uwanja wote ulikuwa upande wangu, Madam Kwamboka angeniunga mkono kuliko kukiri kwamba alikuwa akiangalia jua, baba yangu angefuzu, na huenda ingekuwa kweli. Pia ningeweza kusema nimeangalia vizuri na mabega hayakugusa. Nikasema kwa sauti ndogo kwamba niliangalia kando. Mzee akanigeuzia sikio zuri, akataka nirudie.

"Niliangalia kando, Mwalimu."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ya ensoni."

"Sema kwa sauti, kijana. Ensoni ya nini?"

Nikasema kwa sauti, nami nilikuwa na sauti ya darasani inayofika dawati la mwisho, kwamba baba yangu alikuwa amenielekezea upande ambao si vizuri mwana kuutazama.

Sijawahi kusikia watu wakicheka namna ile. Walimu walishikana mabega. Madam Kwamboka alifunika uso kwa leso. Kebaso alikaa mkekani akicheka, na baba yangu mwenyewe, aliyekuwa amejizuia kwa muda, akapiga magoti na kulia kwa kicheko. Mwalimu Ombati pekee hakucheka. Aliinamia upande wangu, na maneno aliyoyasema nimeyabeba mpaka leo.

"Baba yako amekuja hapa ili atazamwe. Amefanya mazoezi ili atazamwe. Nyumbani unamheshimu kwa kugeuza uso. Hapa umemnyima haki yake kwa kugeuza uso ule ule. Rudi, umheshimu kama mwamuzi."

Pointi zilibaki zilivyokuwa, mabega hayakuhesabiwa, na kulikuwa na muda kidogo uliosalia. Nikapuliza filimbi. Safari hii nilikodoa macho bila kujali ni nani kavaa nini. Lakini jambo moja halikuwamo katika kitabu cha sheria: mtu aliyecheka mpaka akatoa machozi hana nguvu mikononi. Kebaso alikuwa mdogo, akapona kicheko mapema. Alimwingia Onchiri miguuni, akamwinua, akamlaza. Nikashuka. Niliona bega la kulia la baba yangu likigusa mkeka. Niliona la kushoto likitetemeka, likikataa, likishuka polepole. Mimi ndiye niliyekuwa mahali pazuri zaidi pa kuliona, na kama ningepepesa jicho tu, kengele ya mwisho ingemwokoa, kwa maana alikuwa akiongoza kwa pointi moja. Bega likafika chini. Nikapuliza filimbi na kupiga mkeka kwa kiganja. Madam Kwamboka akainua kibao chake kuonyesha kwamba naye ameona.

Hakuna aliyecheka tena. Nilisimama katikati yao nikiwa nimewashika mikono, nikainua wa Kebaso. Mkono wa baba yangu ulikuwa mzito ndani ya mkono wangu. Watu wakakunja mikeka haraka, jua lilikuwa limebaki ukucha tu.

Kesho yake, baada ya ibada, nilikwenda Suneka kumwomba radhi. Nilimkuta ameketi kwa babu, amevaa shati la kanisani lililofungwa vifungo mpaka kooni, nadhani kwa ajili yangu. Nilianza hotuba niliyoiandaa njiani. Akanikata katikati, akaniambia nikae, akanimiminia chai kwa mkono wake, jambo ambalo baba hamfanyii mwana kila siku.

"Mwanangu," akasema yule kijana wa kidato cha nne, "ungenitazama mara ya kwanza, ningeenda na timu. Lakini ungegeuza uso mara ya pili, chai hii usingeinywa."

Tukanywa. Bibi yangu, ambaye kwake hakuna ensoni, alitaka nimweleze tena, taratibu, niliona nini hasa. Sikumweleza.

Basi nasaha yangu ni hii. Sheria utazijua, kozi ni fupi na wewe una kichwa chepesi. Lakini unapoingia mkekani huingii peke yako. Unaingia na mama aliyekulea, kanisa lako, ukoo wako na haya zako, na vyote hivyo ni vizuri, ndiyo maana vina nguvu ya kukugeuza shingo. Usivichukie. Vijue tu kabla ya filimbi, ili visikugeuze uso wakati kijana wa mtu anasubiri kuonwa. Ukiwa hukuona, sema hukuona, hata kama jibu litawafanya watu wakucheke mpaka uzeeni. Na ukiona, piga mkeka, hata kama aliye chini ndiye unayemletea maji ya kunywa.

Nenda sasa, mwanangu. Mungu akupe magoti yasiyouma kwa kushuka na kuinuka, akupe pumzi ya filimbi na ulimi usiopinda. Awalinde wote utakaowainua mikono, na wale ambao mikono yao itabaki chini awape nyumba yenye chai ya moto na mtu wa kuwamiminia.