Sanda Niliyoivaa Leo

Leo nimekufa hapa Garissa, na msiniletee pole kabla hamjasoma mpaka mwisho.

Tulikuwa tunapiga filamu yangu, sehemu ya mazishi. Binti aliyepaswa kuwa maiti alipoona sanda akarudi nyuma.

"Wallahi dada, hiyo si kitu ya kuchezea."

Wenzake nao wakakataa.

Sawa. Kabla sijawa mwongozaji nilikuwa mwigizaji wa runinga, na huko nimekufa mara nyingi tu. Nikalala, nikavishwa sanda, nikaamuru "Anza!" nikiwa ndani. Tulicheka sana.

Tulipomaliza, nikakuta simu kibao kutoka nyumbani, Tarbaj. Nikajua kuna mpita njia ameona na kusambaza habari.

Nikampigia mama. Kusikia sauti yangu tu, akaangua kilio.

"Hooyo, tulikuwa tunaigiza. Ni asubuhi hii tu."



"Asubuhi hii? Mimi nilipigiwa jana. Mwanamume simjui. Alisema umekufa, unazikwa leo baada ya alasiri."

Jana hata mimi sikujua nitalala kwenye ile sanda.

Niko ndani ya gari, nimefunga milango. Alasiri ndiyo hiyo inaadhiniwa.

Nani yuko karibu?